Kidoti Kilichohama Shavu

Mlio ule, siku ya kwanza nilipousikia, nilidhani ni nyigu. Ulitoka nyuma ya ukuta wa chumba nilichopanga Temeke, saa tisa alasiri, nikiwa nimekaa mbele ya sura ya nne ya tasnifu yangu: mlio mwembamba, mkavu, unaopanda na kushuka, kama mdudu aliyefungiwa ndani ya kopo la maziwa. Ulidumu dakika kumi na moja, ukakatika. Mwanamume akaguna. Mlio ukaanza tena.

Najua zilikuwa dakika kumi na moja kwa sababu niliziandika. Naomba mnisamehe mapema, nyie vijana mnaoanza kazi hii sasa: nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, na mwanafunzi wa uzamili akishtuliwa na mlio hakimbii, huchora jedwali. Kwa siku tano niliandika saa ya kuanza, saa ya kwisha, kimo cha mlio na aina ya mguno uliofuata. Siku ya sita nilifikia hitimisho kwamba ama kuna mzinga wa nyigu ukutani na watu wanakwenda kuumwa nao kila alasiri kwa hiari yao, au kinyozi aliyepanga chumba cha mbele anatesa watu. Dhana ya kwanza ilikuwa na udhaifu wa kimantiki. Nikaipeleka ya pili kwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba wetu, Mzee Salim, alikuwa mwuza vitambaa wa miaka mingi, mpole, ambaye babu yake alitoka Uarabuni na ndiye aliyeijenga nyumba ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akalitazama jedwali langu kwa heshima, akavaa kofia, tukaenda pamoja. Nyuma ya pazia la saluni tulimkuta kinyozi, Fundi Chande, ameinama juu ya bega la dereva wa bodaboda. Mkononi alishika kitu ambacho kwa miaka mingi baadaye nilikihesabu kuwa ndicho chombo cha uaminifu kuliko vyote nilivyowahi kutumia: mota ya redio ya kaseti, iliyofungwa kwa nyuzi juu ya ganda la kalamu ya wino, ikichezesha waya wa gitaa ulionolewa, na umeme ukitoka kwenye chaja ya simu. Dereva alikuwa akichorwa tatuu ya nge, na machozi yalikuwa yakimtoka kwa utaratibu.

Mzee Salim alisema astaghfirullah mara tatu, kila moja kwa sauti ya chini kuliko iliyotangulia. Kisha akauliza kama inatoka kwa sabuni. Chande akamjibu kwamba haitoki. Mzee akaondoka, na hakuvuka tena pazia lile maisha yake yote, ingawa tangu nilipoanza kazi aliniuliza kila tulipokutana, kwa huruma ya kweli, kama bado haitoki.

Mimi sikuondoka. Nilikuwa nimeuona mstari.

Hapa inanibidi nieleze kilichonifikisha pale, maana mtu hazaliwi amesimama nyuma ya pazia la kinyozi. Fani yangu chuoni ilikuwa chapa za mbao. Unachonga picha kwenye ubao kwa patasi ndogo, unapaka wino, unakandamiza karatasi juu yake, na karatasi inaondoka na picha. Kanuni ya kwanza ya kazi hiyo, ambayo walimu walinipigilia kichwani kwa miaka saba, ni kwamba ubao hugeuza. Mkono wa kulia utatoka wa kushoto. Kwa hiyo mchonga chapa lazima ageuze picha yake kabla ya kuichonga, ili igeuzwapo na ubao irudi ilivyokuwa. Niligeuza picha mpaka kugeuza kukawa kama kupumua. Nilikuwa nikitazama uso wa mtu anayezungumza nami na tayari kichwani nimeshaupindua. Naomba mkumbuke jambo hili, kwa sababu ndilo lililonitia aibu kubwa kuliko zote za kazi yangu.

Nilikuwa pia, wakati ule, mtu aliyetikisika. Msimamizi wangu alikuwa ameirudisha sura ya nne mara tatu, na kila mara aliandika pembeni maneno mawili tu: fikiri upya. Kumwambia mtu wa aina yangu afikiri upya ni sawa na kumpa mlevi funguo za baa. Nilifikiri upya asubuhi, nikafikiri upya mchana, nikaanza kutilia shaka hata majina ya sura. Ndipo nilipouona mstari wa Chande: mweusi, mmoja, umeingia na umebaki. Haukuwa na nafasi ya kufikiri upya. Nilimwomba anifundishe hapo hapo, mbele ya dereva mwenye nusu ya nge.

Chande alinitazama kupitia kioo. Ndiyo ilikuwa tabia yake. Alikuwa kinyozi tangu ujana, na vinyozi humtazama mtu kwenye kioo hata akiwa amesimama ubavuni mwao. Aliniuliza kama nimesoma. Nikamweleza kiwango cha elimu yangu kwa ukamilifu. Alitafakari, akasema haitakuwa tatizo sana, atajaribu kunisaidia hivyo hivyo. Tangu siku hiyo jina langu likawa Msomi.

Mwezi wa kwanza sikugusa ngozi ya mtu. Chande alinifundishia kwenye mapapai mabichi, na mpaka leo sijaona shule bora zaidi, ijapokuwa nyie mnaagiza ngozi za mpira zinazofika kwa posta. Papai lina mviringo kama bega, lina sehemu ngumu na sehemu laini, na zaidi ya yote linasema ukweli. Sindano ikiingia kadiri yake, wino unakaa. Ikizidi, papai linatoa utomvu mweupe na mchoro wote unaoga maziwa. Chande alikuwa akipita na mkasi wake, anatupa jicho, anasema, "Msomi, umemliza tena," anaendelea na kichwa cha mteja. Nililiza mapapai mengi sana. Yaliyonusurika niliyaacha yaive nikayagawa kwa majirani, na mke wa Mzee Salim akalalamika kwamba wajukuu wake hawataki kula papai lenye simba, wanalihifadhi kabatini.

Yapo mambo mengine aliyonifundisha ambayo hayamo kwenye video zenu. Muulize mteja amekula nini kabla hujamuuliza anataka nini, kwa sababu aliyekuja na njaa ataanguka, na wanaume wenye vifua vipana huanguka wa kwanza. Ngozi ivute kwa vidole vitatu, siyo viwili. Ngozi zetu nyeusi hazitaki mistari iliyobanana kama nywele. Acha nafasi, acha ngozi yenyewe iwe rangi mojawapo, maana baada ya miaka mitano kila mstari unanenepa kama sisi. Sindano itumike mara moja, itupwe, na umwonyeshe mteja ukiitupa. Hilo la mwisho nililiongeza mimi. Nilimwandikia Chande waraka wa kurasa sita juu ya usafi, wenye viambatisho. Hakuusoma, lakini aliubandika ukutani, na wateja walipouona walidhani ni kibali cha serikali, wakaongezeka.

Na jina la mpenzi. Kila mmoja wenu ataletewa jina la mpenzi. Chande alikuwa na utaratibu wake: alimwambia mteja akanywe chai kwanza, arudi baada ya saa moja. Nusu yao hawakurudi. Waliorudi aliwaandikia yeye mwenyewe, kwa mkono, moja kwa moja kwenye ngozi bila kunakili, kwa sababu alijivunia mwandiko wake na hakutaka mtu mwingine aguse herufi. Mimi aliniachia maua, ndege na wanyama. Ugawaji huo wa kazi ulionekana wa busara. Kumbe ndio uliolificha kosa langu kwa miezi minane.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa pana ufundi kidogo. Siku zile picha ilihamishiwa kwenye ngozi kwa karatasi ya kaboni. Unaiweka kaboni chini, upande wa wino ukitazama juu, unalaza karatasi yako juu yake na kuchora. Wino unashika mgongo wa karatasi. Kisha unaulaza mgongo ule kwenye ngozi iliyopakwa dawa, unabandua, na picha imebaki. Ukitafakari, utaona kwamba mgongo wa karatasi una picha iliyopinduka, na ngozi inaipindua tena. Kwa hiyo picha inatoka sawasawa. Hakuna haja ya kugeuza kitu. Chande alinieleza hivyo siku ya kwanza: karatasi inajigeuza yenyewe, wewe chora tu.

Nilimwelewa kikamilifu. Ningeweza kuandika sura nzima juu yake. Lakini mkono uliogeuza picha kwa miaka saba hausikilizi maelezo. Kabla ya kila mchoro niliibandika picha ya mteja kwenye kioo cha dirisha, nikaiangalia kwa nyuma dhidi ya mwanga, nikainakili ikiwa imepinduka, bila hata kujua kwamba nafanya hivyo, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Ikatoka kwenye ngozi ikiwa kinyume. Na kwa miezi minane hakuna aliyeona, kwa sababu waridi likiinamia kulia badala ya kushoto ni waridi tu, na simba hana upande; herufi tu ndizo zingenisema, nazo zilikuwa za Chande.

Ndipo akaja Gervas.

Gervas alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, Chang'ombe, mtu wa Njombe, mrefu kiasi cha kuinama mlangoni. Alikuwa na picha ya mama yake, ya studio, iliyochakaa pembe: mwanamke wa makamo amefunga kilemba, macho ya moja kwa moja, mdomo umebanwa kama anayejizuia kucheka, na juu ya mdomo huo, kwenye shavu la kushoto, kidoti kimoja cheusi. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Gervas alipanda basi siku hiyo hiyo, basi likaharibika njiani, akafika nyumbani kaburi limeshafukiwa. Alinieleza haya akitazama sakafu. Baada ya wiki tatu ukoo mzima ungekutana kulijengea kaburi na kufanya ibada, na yeye alitaka aende na mama kifuani.

Nilimuuliza kama ndugu zake wanajua. Hawakujua. Baba yake ni mtu wa maneno machache, lakini yuko dada mkubwa, Mwalimu Yusta, aliyemlea Gervas, mzee wa kanisa na kiongozi wa kwaya, ambaye kwa maoni yake tatuu ni alama ya wahuni na tangazo kwa polisi. Yeye ndiye aliyesema mbele za watu, siku ya msiba, kwamba mwenye mama hachelewi kumzika.

"Sina maneno ya kumjibu," Gervas akaniambia. "Siku ya ibada nafungua shati. Amwone mama. Basi."

Chande aliniachia kazi ile, kwa kuwa nyuso zilikuwa zangu tangu chuoni. Ilichukua saa nne na soda saba. Mtu yule, ambaye kila siku hushika moto kwa mikono, alipoiona sindano tu alipauka midomo, na kwenye mstari wa kwanza alizimia kwa adabu, bila kelele, akiwa ameketi. Chande alimpepea kwa kitambaa cha kunyolea. Aliamka, akaomba radhi, akazimia tena. Nilichora upande wa kilemba akiwa hayupo. Lakini hakuniambia niache hata mara moja, na nilipofika kwenye macho nilisahau tasnifu, nikasahau msimamizi, nikasahau hata mimi ni nani. Macho yale yalitoka. Nilijua kama unavyojua chumvi imekolea.

Tulimsimamisha mbele ya kioo cha saluni. Gervas akaiinua picha kwa mkono mmoja, akaitazama, akakitazama kioo, akaitazama tena picha. Chande alikuwa nyuma yake, naye akitazama kioo kama kawaida yake. Nami nilitazama kioo.

"Ndiye," Gervas akasema, akaanza kulia. Chande akajisingizia nywele zimemwingia jichoni.

Mmeshaelewa, nadhani. Mimi, mwenye shahada, sikuelewa mpaka asubuhi iliyofuata, nilipokuwa nikiingiza kazi ile kwenye daftari la kumbukumbu. Niliiweka picha niliyompiga kifuani kando ya nakala ya picha ya studio. Kidoti cha studio kilikuwa shavu la kushoto. Kidoti cha Gervas kilikuwa shavu la kulia. Fundo la kilemba nalo lilikuwa limehama. Mama mzima alikuwa amegeuzwa kama ubao, na kioo, kwa ukarimu wake, kilikuwa kimemgeuza tena na kumrudisha mahali pake, mbele ya macho ya watu watatu.

Nilipekua daftari. Waridi kumi na tisa. Tai wanne, wote wakitazama upande ambao hawakuombwa kuutazama. Nge, mamba, njiwa mwenye jani. Nilikuwa nimepindua Temeke nzima.

Chande alinisikiliza akinoa wembe. Aliuliza kama mteja amelalamika. Nikasema hapana. Akasema basi mgonjwa hayupo, natafuta dawa ya nini. Nikamweleza kwamba Gervas anajiona kwenye kioo, lakini Mwalimu Yusta hatamwona kwenye kioo, atamwona uso kwa uso, mbele ya kaburi. Atakayefungua shati ili asamehewe ataambiwa kwamba hata sura ya mama yake haijui. Chande akaacha kunoa. Akapendekeza kwamba tumwite tumwongezee kidoti cha pili shavu la kushoto, ili kila mtu achague. Ni aibu kukiri, lakini nilikwenda nikaandika faida na hasara za pendekezo hilo. Faida zilifika tatu.

Nikaamua kumpigia simu. Kuamua ni jambo moja. Niliandika kwanza maneno ya kumwambia, kwa sababu sikutaka kukosea tena. Rasimu ya kwanza ilikuwa na utangulizi kuhusu historia ya chapa. Ya pili iliomba radhi mara tano na kusahau kutaja kidoti. Nilipopata ya tatu nilibonyeza namba yake, ikaita mara moja, nikakata. Kesho yake hivyo hivyo. Kwa siku nne nilimbipu mtu yule, na katika jiji hili kubipu kuna maana moja tu, kwamba nipigie, sina salio. Nikasubiri apige. Hakupiga. Nikaanza kufikiri upya. Labda amekwishajua na amekasirika. Labda simu imeibiwa. Labda kidonda kimeoza na yuko hospitali akinitaja. Siku ya tano nikaogopa hata kubipu, na wiki mbili zikapita.

Sikuwaandikia haya ili mnicheke, ingawa mna ruhusa. Nimeyaandika kwa sababu kila mmoja wenu atakosea kwenye ngozi ya mtu, na siku hiyo hamtakuwa na raba. Mashine zenu za leo zinanong'ona, karatasi zenu zinachapwa na kompyuta, na kitufe cha kugeuza picha kimo humo humo, kinabonyezwa kwa kidole kimoja. Mnaweza kufanya kwa nusu sekunde kosa lililonichukua miaka saba kujifunza. Msimwamini mteja anapojitazama kwenye kioo. Msikiamini kioo chenyewe. Piga picha, iweke kando ya picha ya asili, mwite mtu ambaye hakuwamo chumbani, hata muuza genge, umuulize kama ni yule yule. Nilikuja kumfanya Mzee Salim mkaguzi wangu wa namna hiyo, kwa picha tu, dukani kwake. Alikagua kwa umakini mkubwa kazi ambazo aliziombea toba.

Na kosa likishatokea, mwambie mwenye ngozi. Najua mtaogopa. Mimi niliogopa kuliko wote.

Kilichonisukuma hakikuwa ujasiri. Ijumaa moja, siku moja kabla ya ibada ya Njombe, alikuja mama mmoja na picha ya mwanawe aliyekuwa masomoni nje, akitaka uso huo mkononi. Nilishika penseli. Mkono ukakataa. Nilipojaribu mkono mwingine nao ulikuwa umeshapata habari. Nilimwomba mama yule radhi, nikamwambia arudi Jumatatu. Nikajua kwamba kama simpigii Gervas leo, Jumatatu hiyo haitakuwapo. Nitarudi kwenye sura ya nne na kuishi humo.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja, rasimu ya tatu mapajani, nikapiga. Iliita mara moja. Sikukata. Iliita mara ya nne ndipo akapokea, na nyuma yake nilisikia mtu akichanja kuni na wanawake wakicheka.

"Ndugu Gervas," nikaanza kusoma, "napenda kukujulisha kwamba kufuatia ukaguzi." Nikaiweka karatasi chini. "Kaka, kidoti cha mama kipo shavu la kulia. Kilitakiwa kushoto. Nimekosea mie."

Kuni ziliendelea kuchanjwa.

"Najua," akasema.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu siku ya tatu. Mkewe alimtazama akivaa shati, akaiendea picha ukutani, akarudi, akamtazama tena. Walikubaliana wasiniambie, kwa sababu nilivyofurahi siku ile, alisema, mtu angedhani mtoto wangu amefaulu mtihani. Hiyo ndiyo sababu waliyokubaliana. Sababu yake mwenyewe ilikuwa nyingine. Bipu zangu nne alizitazama zikilia na kuzima, moja baada ya nyingine, akitokwa na jasho.

"Nikamwambia mke wangu, huyu ananiita kwenye sindano," akasema. "Dada Msomi, mie kile kiti sirudi. Hata mama angenielewa."

Nikamuuliza kuhusu kesho, kuhusu shati. Alikuwa ameshalifungua, jana jioni, alipoweka tu begi chini. Hakuweza kungoja. Baba alimtazama kifua kwa muda mrefu, akauliza kama iliuma. Alipojibiwa kwamba iliuma mno, akaonekana kuridhika, akamwambia akae karibu naye wale chakula.

"Na Mwalimu?" nikauliza.

"Yupo hapa. Anaichukua simu."

Nilisimama. Sijui kwa nini, sikuwa darasani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemchora mama yangu?"

"Ndimi."

"Macho umeyapata," akasema, polepole, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari. "Mdomo umeupata. Alivyokuwa akitaka kucheka kanisani, anajizuia, ndivyo hivyo. Kidoti umekosa. Mtu na elimu yako hujui kulia na kushoto."

"Nakubali, Mwalimu."

"Usikubali tu. Jirekebishe."

Nilisikia nyayo, kisha mlango ukifungwa, na kuni zikawa za mbali. Aliporudi hewani alikuwa akinong'ona.

"Mwezi ujao nakuja Dar kumwona daktari wa macho. Nami nataka huyo huyo, begani. Kidoti upande wake. Na awe mahali ambapo joho la kwaya linamfunika."

Nikaigeuza rasimu ya tatu, nikachukua kalamu, nikamwomba anieleze joho hilo, shingoni, linaanzia wapi hasa.